Makumbusho siyo magofu jamani

Juzi barazani hapa Lindi shemeji alikuwa anatuonyesha picha kwenye simu, alisafiri kikazi Mexico City akapata nafasi ya kuingia Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia, yale yaliyofunguliwa 1964. Jengo la kisasa kabisa, uani kuna paa kubwa mno limebebwa na nguzo moja tu halafu maji yanamwagika kuizunguka nguzo kama mvua ya masika. Simu ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa jirani yetu, akaikodolea weee, akasema "shemeji, hii si makumbusho, hii eapoti, makumbusho ni kule Kilwa Kisiwani." Na wengine wakaitikia eti kweli. Hili la kudhani makumbusho lazima yawe majengo ya kale yaliyobomoka nimeshalisikia mara nyingi mno, leo naliandika.

Makumbusho ni mahali wanapotunza vitu vya historia, sayansi au utamaduni na kuwaonyesha watu pamoja na maelezo yake. Basi, umri wa jengo haumo.

Angalia neno lenyewe. Kumbuka, ukimfanya mwenzio akumbuke umemkumbusha, kutoka kumbusha ndo tunapata makumbusho, kama onyesha ilivyozaa maonyesho na zungumza ikazaa mazungumzo. Kwa hiyo ndani ya neno kuna kazi ya kumkumbusha mtu, hamna uzee wala mawe humo. Gofu ni kitu kingine kabisa, ni nyumba iliyoachwa ikabomoka zikabaki kuta, ndo maana hata mtu aliyekonda sana tunamwita gofu la mtu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ni gofu, tena gofu la thamani kubwa, UNESCO waliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye urithi wa dunia 1981, na kuyaita magofu hakuyashushi hadhi hata kidogo.

Halafu kuna ukumbusho, huo ni wa mtu au tukio fulani. Makumbusho ya Taifa pale Dar yalianza 1940 kama ukumbusho wa Mfalme George V wa Uingereza, yaani jengo lilikuwa ukumbusho wake na kazi iliyofanyika ndani ikawa ya makumbusho. (Na ukiambiwa "shuka Makumbusho" ukiwa kwenye daladala Dar hiyo ni stendi, jina limetoka kwa Kijiji cha Makumbusho kilicho jirani.)

Sisi watu wa Lindi ndo tungepaswa kulijua hili kuliko wote, maana tuna kilima cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha pale mifupa ya dinosaria, wapagazi wakaibeba kichwani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu mpaka bandarini hapa Lindi, zaidi ya tani 200 zikapakiwa melini. Leo dinosaria mmoja amesimamishwa Berlin, kimo zaidi ya mita 13, watoto wa Kijerumani wanapita chini yake wanasomewa habari za Tendaguru. Kule ndo makumbusho. Kwetu imebaki sehemu yalipofukuliwa masalia, ukifika unakuta kilima na pori, hakuna aliyekaa pale kukukumbusha chochote, na mimi hilo linaniuma kuliko hata hili la neno.

Kwa hiyo jirani yangu, ukivuka kwenda Kisiwani sema umeenda kuona magofu, na ile picha ya nguzo yenye maji mwachie shemeji aiite makumbusho, hajakosea.