Mtaalamu wa viumbe msafiri ni mtu wa namna gani?

Katika karne ya 18, aliyetaka kuijua mimea ya nchi za mbali ilimbidi aifuate hukohuko porini. Alikausha majani, akakusanya mbegu, akachora ndege na maua, akaandika hata desturi za wenyeji. Huyo ndiye mtaalamu wa viumbe msafiri. Mara nyingi nyuma yake palikuwa na tajiri wa Ulaya aliyelipia safari ili bustani yake ipate mimea mipya.

William Bartram wa Philadelphia, Amerika Kaskazini, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1773 alishika njia ya kusini, kuelekea Carolina, Georgia na Florida, kwa fedha za John Fothergill, daktari wa London. Huko mipakani mwa makoloni ya Uingereza alikuta nchi ina wenyewe: Wacherokee, Wacreek, Waseminole. Chifu mmoja wa Waseminole alimpachika jina Puc Puggy, yaani mwinda maua, akamruhusu azunguke apendavyo.

Lakini msafiri wa aina hii hakuwa mgeni asiye na upande. Mwaka huohuo 1773 Bartram aliandamana na wapima ardhi waliotumwa kuweka mipaka ya eneo ambalo Wacreek na Wacherokee walikuwa wameliachia Georgia. Mpimaji akatazama dira, akaonyesha njia. Chifu wa Wacreek akakataa katakata: kidude hicho ni kiongo, alisema, kitawadhulumu watu wake ardhi yao. Na kweli, mpimaji ndiye aliyekosea. Dira ikawekwa kando, chifu akaongoza mwenyewe. Tunayajua haya kwa sababu Bartram aliyaandika, na kwangu mimi ukurasa huo una thamani kuliko michoro yake mingi.

Vita vya uhuru wa Marekani vilianza Aprili 1775. Mwezi uliofuata Bartram alikuwa milimani kwa Wacherokee, akitafuta maua. Mwaka 1776 wanamgambo wa makoloni waliichoma miji mingi ya Wacherokee. Ajabu ni kwamba kitabu chake cha safari, kilichotoka 1791, karibu hakiigusi vita hiyo.

Mbegu za Bartram zilinusurika. Mti wa Franklinia, ambao yeye na baba yake waliuona kando ya mto Altamaha huko Georgia mwaka 1765, haujaonekana porini tangu 1803. Iliyopo leo inaaminika kutokana na ile iliyooteshwa katika bustani ya akina Bartram.