“Niongezee RAM tu, fundi”: uongo na ukweli kuhusu kompyuta na konsoli za gemu

Kijana aliweka laptopu mezani, akaigeuza niione vizuri stika ya Core i7, jina la prosesa ya Intel, kisha akasema kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake zote: “Fundi, konsoli siitaki, mashine ninayo. Niongezee RAM ifike GB 32 nianze kucheza.” Alikuwa wa tatu wiki hiyo. Kazi yangu ni kufungua na kufunga kompyuta na konsoli, yaani mashine za gemu zinazochomekwa kwenye runinga, na wateja wengi huja kuniuliza wanunue ipi. Swali hilo silichoki. Hilo la RAM limenichosha, basi leo nalianza nalo na nitakaa nalo.

“Kompyuta yenye RAM kubwa inacheza gemu yoyote”

Haichezi. Mfikirie fundi cherehani na meza yake ya kukatia vitambaa. Meza ikiwa finyu, kitambaa kinaning’inia na kazi inakwama. Ukimletea meza pana, atafanya kazi kwa raha. Ukimletea meza ya pili, ya tatu na ya nne, cherehani ni ileile na mikono ni ileile. RAM, memori ambayo mashine huweka kazi inayoendelea, ndiyo meza. Mshonaji wa picha za gemu ni GPU, yaani chipu inayochora picha, na laptopu nyingi za ofisini zina GPU iliyokusudiwa kuonyesha barua, majedwali na video, basi.

Ushahidi uko kwenye konsoli zenyewe. PS4, yaani PlayStation 4, ilitoka 2013 ikiwa na RAM ya GB 8, na hizo zilitumika kwa kila kitu: mfumo, gemu na picha. Prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, AMD Jaguar yenye kori 8 (vitengo vya kufanyia hesabu), ilikuwa dhaifu hata kwa viwango vya mwaka ule, kwa sababu familia hiyo ilibuniwa kwa ajili ya vifaa vidogo vya bei ya chini. Hata hivyo mashine hiyo ilicheza God of War na Red Dead Redemption 2, zote za 2018. Laptopu yenye GB 32 na GPU ya Intel UHD 620 itazifungua gemu hizo kama inatubu dhambi.

Kwa nini? GPU ya PS4 hufikia hesabu trilioni 1.84 kwa sekunde. UHD 620 haifiki hata nusu trilioni. PS5 inapita trilioni 10. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusi kabisa, nalo ni upana wa njia kati ya memori na GPU. Kipande kimoja cha DDR4, aina ya RAM ya kompyuta, cha kasi ya 3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde. Ukiweka viwili vikafanya kazi kwa pamoja, unapata 51.2. PS4 ilikuwa na 176. PS5 ina 448. Mteja anahesabu ukubwa wa tangi, na maji yanapita kwenye mrija.

Kuna watu watanijibu kwamba tatizo ni GPU kuunganishwa na prosesa. Nalo si sahihi. PS5 na Xbox Series X zote zina prosesa na GPU ndani ya chipu moja. Steam Deck, kompyuta ya gemu ya kushika mkononi, vilevile, nayo inacheza gemu nyingi nzuri kwenye skrini yake ndogo. Swali ni GPU hiyo ina nguvu kiasi gani na inalishwa na memori ya kasi gani.

Nisije nikaonekana naichukia RAM. Kama una GB 4 au 8, na gemu inajifunga yenyewe au inakwamakwama kila unapoingia eneo jipya, ongeza ifike 16 na utaona tofauti. Na kama mashine yako inategemea GPU ya ndani huku ina kipande kimoja tu cha RAM, kuongeza cha pili kinachofanana nacho ni matumizi mazuri sana ya pesa, maana unapanua ile njia mara mbili. Hizo ndizo sababu mbili ninazozikubali. Kutoka 16 kwenda 32 kwenye laptopu ya ofisi kwa ajili ya gemu nakataa hata kama mteja ameshika pesa mkononi.

Kuna utapeli unaozaliwa na dhana hiyohiyo. Windows huonyesha kiasi cha RAM ambacho GPU inaweza kuazima, na kwa kawaida huwa karibu nusu ya RAM yote. Basi mashine ya GB 16 inatangazwa kuwa “ina graphics ya GB 8.” Nimeletewa kompyuta ya namna hiyo na baba mmoja aliyemnunulia mwanawe zawadi ya kufaulu mtihani. Nilipofungua kifuniko hapakuwa na kadi yoyote ya picha ndani. Mtoto alikuwa amesimama pembeni, na sikupata la kumwambia.

Hata kadi halisi hudanganya kwa GB. GeForce GT 730 yenye GB 4 za DDR3 ipo madukani mpaka leo, na mtu anaichukua akidhani imeipita GTX 750 Ti ya GB 2. Zote ni za 2014. Ya pili ina GDDR5, memori ya kadi za picha, yenye kasi ya GB 86.4 kwa sekunde. Ile ya kwanza haifiki hata 30. Soma jina la kadi kabla ya kusoma GB zake.

Sasa ile stika ya i7. Jina hilo lipo tangu 2008, kwa hiyo halikuambii chochote mpaka usome tarakimu zinazofuata. Core i7-2600 ya 2011 inapitwa kwa mbali na Core i3-12100 ya 2022, ingawa zote zina kori 4. Core i7-7500U ya laptopu ina kori 2 tu. Isitoshe, Windows 11 haizitambui rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 2025. Baadhi ya gemu za mtandaoni zenye ulinzi mkali dhidi ya wadanganyifu, Valorant mojawapo, zinadai TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya mashine, kwenye Windows 11. Hayo yote hayaandikwi kwenye stika.

Kabla hujambebea fundi mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye sehemu ya utendaji (Performance), usome jina la GPU. Ukikuta Intel UHD peke yake na ni laptopu, mjadala umekwisha: kwenye laptopu nyingi GPU imechomelewa kwenye ubao mkuu na haibadilishwi. Kama ni kompyuta ya mezani, kuna matumaini. Tundu la kadi kwenye ubao linatoa hadi wati 75, na zipo kadi zinazotosheka na hizo bila waya wa ziada kutoka pawa saplai, kama GTX 1650 za aina hiyo au RTX 3050 ya GB 6. Pima kwanza nafasi iliyomo ndani ya kasha. Makasha membamba ya ofisini yanahitaji kadi fupi kwa kimo, na wateja wengi hulijua hilo wakiwa wameshanunua ndefu.

Yule kijana nilimfungulia ukurasa huo mwenyewe, akasoma. UHD 620. Laptopu yake ni nzuri kwa masomo, nikamwambia airudishe kwenye masomo.

“Konsoli ni rahisi, kompyuta ni ghali”

Inategemea unahesabu mpaka lini. Siku ya kununua, ni vigumu sana kuunda kompyuta mpya inayolingana na konsoli kwa bei ileile, na anayekuahidi hivyo mara nyingi hajahesabu Windows, kibodi, kipanya na skrini. Baada ya hapo mizani inaanza kusogea. Kwenye PlayStation na Xbox, kucheza mtandaoni gemu uliyoinunua kunahitaji usajili wa kulipia. Gemu za bure kama Fortnite hazidai usajili huo. Kwenye kompyuta hakuna ada ya namna hiyo, na punguzo za bei za gemu huja mara nyingi na huwa kubwa. Anayenunua gemu mbili kwa mwaka hataiona tofauti. Anayenunua ishirini ataiona. Na anayenunua diski, akamaliza gemu, akamuuzia mwenzake, ana hesabu yake ya tatu ambayo kompyuta haimpi, maana gemu za kompyuta siku hizi hufungwa kwenye akaunti.

Wengine husema “nasubiri konsoli ishuke bei.” Zamani ilikuwa hivyo. Agosti 2022, karibu miaka miwili baada ya PS5 kutoka, Sony ilipandisha bei yake katika nchi nyingi.

“Kompyuta inapata gemu zote”

Inapata nyingi, tena zingine za zamani ambazo konsoli haziwezi kuzigusa. Ila subira inahitajika. GTA V ilifika kwenye konsoli Septemba 2013 na kwenye kompyuta Aprili 2015. God of War ya 2018 ilihitaji karibu miaka minne. Gemu za Nintendo hazitolewi rasmi kwa kompyuta, nukta. Wapenzi wa mpira nao waliletewa FIFA 21 na 22 za kompyuta zilizojengwa kwa msingi wa konsoli za kizazi cha nyuma, hadi FIFA 23 iliporekebisha hilo. Kwa hiyo ninapoulizwa “ninunue ipi,” mimi huuliza kwanza gemu tatu unazotaka kucheza mwaka huu. Nusu ya watu hawana jibu, na hao nawaambia wasinunue kitu bado.

Swali langu la pili ni marafiki zako wanachezea wapi. Gemu kadhaa kubwa sasa zinaunganisha mashine tofauti. Nyingine bado hazifanyi hivyo, na kununua mashine kali ukacheza peke yako kunauma.

“Nataka fremu 120 (picha 120 kwa sekunde)”

Na skrini yako? Runinga ya 60Hz inaonyesha picha 60 kwa sekunde hata uiunganishe na mashine gani. Nimeona watu wakinunua GPU ya kifahari na kuichomeka kwenye skrini ya zamani, na wengine wana skrini ya 144Hz iliyobaki 60 kwa mwaka mzima kwa sababu hawakuibadilisha kwenye mipangilio. Wenye konsoli, washeni hali ya gemu kwenye runinga. Ucheleweshaji mnaoulaumu kwenye padi, kile kidhibiti cha mkononi, mara nyingi ni runinga inayorembesha picha kabla ya kuionyesha.

“Laptopu ya gemu ni sawa na ya mezani, inabebeka tu”

Jina la GPU linaweza kufanana na kazi isifanane. RTX 4060 ya laptopu inaruhusiwa kutengenezwa kwa wati kuanzia 35 hadi 115, na mbili zenye stika moja zinaweza kupishana sana. Ulizia wati. Pia ujue kwamba ukichomoa chaja, kasi inashuka, kwa kuwa betri haiwezi kutoa umeme wote ambao GPU inautaka. Anayetaka kucheza akiwa safarini bila umeme atafute kifaa cha mkononi.

“Gemu zinaharibu runinga”

Hii ya wazazi. Runinga za LCD haziharibiwi na gemu. Za OLED zinaweza kubaki na alama ya kitu kinachokaa palepale kwa saa nyingi, iwe ramani ya gemu au nembo ya kituo cha taarifa ya habari ambacho baba hakizimi. Kinachoharibika mara nyingi zaidi ni konsoli yenyewe, iliyosukumwa ndani ya kabati lisilopitisha hewa na vumbi likajaa kwenye feni. Itoe kabatini.

“Padi ni ya konsoli, kipanya ni cha kompyuta”

Padi za Xbox na PlayStation zote zinafanya kazi kwenye kompyuta. Kwa mpira na magari sikushauri kitu kingine.

“Konsoli imejaa, niongezee RAM”

Yule kijana wa laptopu alinunua PS5 iliyotumika. Mwezi haujaisha, akapiga simu: gemu ya nne imekataa kuingia, je, RAM yake inaongezwa wapi?

Haiongezwi. Imechomelewa. Kilichojaa ni SSD, yaani hifadhi ya gemu, ambayo kwenye PS5 ya mwanzo ni GB 825 na sehemu yake imeshachukuliwa na mfumo. Tangu Septemba 2021 kuna nafasi ndani, iitwayo M.2, inayokubali SSD ya pili: iwe ya PCIe (njia ya kupitishia data) kizazi cha nne, iwe na bati la kupoza joto, na isiwe nene kupita nafasi iliyopo. Diski ya USB inaweza kuhifadhi gemu za PS5, lakini hazichezeki mpaka zirudishwe ndani. Za PS4 zinachezeka hapohapo kwenye USB. Nilimwambia aje na SSD, bisibisi ninayo. Akaniuliza kama aje na ya GB ngapi, na kwa mara ya kwanza swali hilo lilikuwa mahali pake.