Yoga ya Shela ina walimu wake: dhana potofu na ukweli

Msimu wa wageni ukifika, watu wa yoga pale Shela hutandika mikeka tangu alfajiri, wengine mchangani, wengine juu madarini chini ya makuti. Tamasha la yoga limewaleta Lamu watu wa mataifa mengi, na mabaharia wetu hupata kazi ya kuwavusha kwenda Manda na kuwarudisha. Lakini kaa barazani, iwe Mkomani au Langoni, utasikia yoga ikisemwa vingine kabisa: ibada ya kisirisiri, michezo ya wanawake wa Kizungu, dawa ya kila ugonjwa. Mimi ni mtu wa hapa, nafanya mazoezi haya na nimewasaidia jirani zangu kuyaanza, na maneno haya yananigusa kwa sababu yanawazuia watu wenye maumivu kujaribu jambo ambalo lingewafaa. Mengine yana chembe ya ukweli, ila yamekwenda kombo.

Njia niionayo bora ya kuyajibu ni kuwataja waliofundisha. Yoga ya leo imepita mikononi mwa watu wachache wanaojulikana kwa majina, na kila mmoja aliibadili kulingana na wanafunzi waliokuwa mbele yake.

"Mikao hii ni ile ile tangu miaka elfu tano"

Hili hata wapenzi wa yoga wenyewe hulisema kwa fahari. Ni kweli kwamba yoga, kama njia ya kuituliza nafsi, ni ya kale sana. Lakini mazoezi mengi tunayoyaona Shela ni ya juzi. Patanjali, mwanafikra wa kale wa India ambaye maandishi yake hutajwa kila mahali, aliacha sentensi fupi fupi zisizofika 200, na kuhusu mkao wa mwili alisema machache tu: uwe imara na uwe wa raha. Kitabu cha Hatha Yoga Pradipika, cha karne ya 15, kinaeleza mikao 15, na mingi kati ya hiyo ni ya kukaa.

Kusimama miguu ikiwa imepanuliwa, kuinama na kuinuka kwa mfululizo, kila tendo likifungamana na pumzi: hayo yalipata sura yake katika karne ya 20, na jina la kwanza la kutajwa ni Tirumalai Krishnamacharya, aliyezaliwa 1888 na kufariki 1989. Mwaka 1933 Maharaja (mfalme) wa Mysore, kusini mwa India, Krishnaraja Wodeyar wa Nne, alimpa nafasi katika kasri la Jaganmohan afungue shule ya yoga. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa wavulana wenye nguvu, basi akawafundisha kivulana: kuruka, kusimama, kwenda mbio mbio bila kupoa. Baadaye alihamia Madras (Chennai ya leo), akawa anawapokea wagonjwa na watu wazima mmoja mmoja, na hapo mafunzo yake yakawa ya taratibu kabisa. Mwalimu ni yule yule. Waliobadilika ni wanafunzi, naye akabadilika nao.

Kutoka kwake walitoka wanne walioieneza yoga duniani. Pattabhi Jois alishika ile ya vijana wa Mysore, ya jasho na mwendo, ambayo leo huitwa ashtanga. B.K.S. Iyengar alishika unyoofu wa mwili na vifaa. Indra Devi aliipeleka kwa watu wa kawaida wa Marekani. Na mwanawe mwenyewe, T.K.V. Desikachar, aliendeleza yale ya uzeeni, mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja. Wapo wasiokuwa wa shina hili, kama Sivananda, aliyekuwa daktari huko Malaya kabla ya kuweka makao Rishikesh, India, ambaye wanafunzi wake walifungua vituo nchi nyingi. Lakini ukiingia darasa lolote, Lamu au Malindi, mara nyingi ukiulizia utakuta mwalimu wako amesoma kwa mtu aliyesoma kwa mmoja wa hao wanne.

"Ni mambo ya wanawake wa Kizungu"

Kwa muda mrefu hali ilikuwa kinyume. Swami Vivekananda, aliyezungumza Chicago mwaka 1893 na kuwaamsha Wamarekani juu ya fikra za yoga, alikuwa mwanamume. Yogananda, aliyefika Boston mwaka 1920, vivyo hivyo. Shule ya Mysore ilikuwa ya wavulana. Mwanamke ndiye aliyebisha hodi akafungiwa mlango.

Huyo ni Indra Devi. Alizaliwa Riga mwaka 1899 kwa jina la Eugenie Peterson, akaenda India akiwa kijana na kuigiza katika sinema. Alipoomba kufundishwa, Krishnamacharya alimkataa: ni mgeni, tena mwanamke. Maharaja akaingilia kati. Mwalimu akamkubali shingo upande, akampa masharti magumu ya chakula na ratiba akidhani atakata tamaa, naye akavumilia hadi mwalimu mwenyewe akamwambia aende akafundishe. Mwaka 1947 alifungua darasa Hollywood. Aliishi hadi miaka 102, akafariki Buenos Aires mwaka 2002. Yale madarasa yaliyojaa wanawake ambayo watu wetu huyaona kwenye simu yana asili yake kwa huyu bibi aliyekataa kurudi nyuma. Kwa hiyo kijana wa Shela anayeona haya kukunja mgongo kwa kuwa "ni mambo ya wanawake" hana historia ya kumtetea.

"Mimi sijikunji, mwili wangu umekauka"

Kauli hii naisikia kuliko zote, na hasa kwa wanaoihitaji yoga zaidi: mafundi wa majahazi wa Matondoni wanaoshinda wameinama, wapagazi, kina mama wanaokaa chini kwenye mbuzi wakikuna nazi.

Iyengar alizaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Bellur, kusini mwa India, na utoto wake ulikuwa wa maradhi mtupu: malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu. Watu wa pwani tunajua malaria ya utotoni inavyomwacha mtoto. Alikuwa na mikono myembamba na kichwa alichokibeba kwa shida. Krishnamacharya, aliyemwoa dada yake, ndiye aliyemchukua Mysore, na wala hakumwona kama mwanafunzi wa maana mwanzoni. Mwaka 1937 akapelekwa Pune kufundisha, angali kijana wa miaka 18. Huko alijifunza kwa mwili wake mwenyewe jinsi kila kiungo kinavyotakiwa kukaa. Mwaka 1952 alikutana na mpiga fidla maarufu Yehudi Menuhin, ambaye alinufaika na mafunzo yake kiasi cha kumwalika Ulaya, na mwaka 1966 kikatoka kitabu chake kikubwa chenye mamia ya picha, ambacho walimu wanakitegemea mpaka leo.

Jambo aliloliacha Iyengar ambalo naliona kubwa kuliko kitabu ni hili: mkono usipofika, sogeza ardhi. Alitumia matofali ya mbao, mikanda, mablanketi, kamba zilizofungwa ukutani, viti. Mwanafunzi hakuhitaji kungoja awe mwepesi.

Mama mmoja wa Langoni, nyonga zimemshika, kukaa chini hawezi. Tunachukua kiti cha plastiki kisicho na mikono. Anakaa ubavu, bega la kulia likielekea kwenye egemeo. Nyayo zote mbili chini. Asipofikisha, tunamwekea tofali. Anashika egemeo kwa mikono miwili, anavuta pumzi akinyoosha mgongo kwenda juu, kisha akitoa pumzi anageuza kiwiliwili kuelekea egemeo, kidogo tu, magoti yakibaki pamoja. Pumzi tano, halafu upande wa pili. Akilala chali na kutaka kunyoosha mguu juu, leso iliyokunjwa mara nne inapita chini ya wayo, naye anashika ncha zake. Mkao ule wa kitini na ule wa leso iliyoshika nafasi ya mkanda ni urithi wa Pune moja kwa moja, na hakuna duka la vifaa lililohitajika.

"Ukifanya yoga umeingia dini ya watu"

Hapa sitaki kupita haraka, kwa sababu anayeuliza swali hili anauliza kwa dhati. Yoga ilikulia India, ndani ya mila za Wahindu, Mabudha na Wajaini. Krishnamacharya alikuwa mcha Mungu wa dini yake, na madarasa mengine hadi leo hufunguliwa kwa nyimbo za ibada. Kuficha hilo ni kumdanganya mtu.

Lakini Waislamu hawakuijua yoga jana. Al-Biruni, mwanachuoni mkubwa wa karne ya 11, aliyafasiri maandishi ya Patanjali kwa Kiarabu, akayasoma kwa makini bila ya kubadili imani yake. Katika zama zetu, baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliwakataza Waislamu yoga yenye maneno ya ibada, na waziri mkuu wa wakati huo akafafanua kwamba mazoezi ya mwili bila maneno hayo hayana tatizo. Maulamaa wa Indonesia mwaka 2009 walitenga vivyo hivyo: mantra (maneno ya ibada yanayokaririwa) na ibada hapana, mazoezi ya viungo sawa. Saudi Arabia nayo mwaka 2017 iliitambua yoga kama shughuli ya michezo, baada ya juhudi za miaka za mwalimu wa Kisaudi, Nouf Marwaai. Hata India, siku ya kwanza ya kimataifa ya yoga ilipoadhimishwa tarehe 21 Juni 2015, ule mfululizo wa kuinama na kuinuka uitwao salamu kwa jua uliondolewa kwenye ratiba rasmi baada ya malalamiko ya Waislamu.

Mimi nafanya bila mantra, na mfululizo ule naufanya kama mazoezi ya mgongo na mabega. Ambaye moyo wake haujatulia amuulize sheikh wake, na amweleze kwa usahihi kinachofanyika, si kile alichokiona kwenye video.

Ipo na dhana ya upande wa pili, inayosemwa kwa nia njema: kwamba swala yenyewe ni yoga. Siipendi. Rukuu na sijida vinaweza kulegeza viungo, lakini swala ni ibada yenye nia na nguzo zake, na kuigeuza mazoezi ili kuitetea yoga ni kuikosea heshima.

"Guru hakosei"

Sisi tumelelewa kumheshimu mwalimu, na malezi hayo ni mazuri. Yoga nayo ilikuja na heshima kama hiyo, na mahali pengine ikatumiwa vibaya. Wanawake kadhaa waliosoma kwa Pattabhi Jois walieleza hadharani jinsi alivyowagusa isivyostahili akidai anawarekebisha mkao, na mwaka 2019, miaka kumi baada ya kifo chake, mjukuu wake Sharath aliwaomba radhi hadharani. Bikram Choudhury, aliyetajirika kwa yoga ya chumba cha joto, alishtakiwa na wanawake waliokuwa chini yake. Mwaka 2016 mahakama ya Los Angeles ilimwamuru alipe mamilioni ya dola, naye akaondoka Marekani.

Mchango wa Jois katika mazoezi ya leo ni mkubwa na haufutiki. Makosa nayo yasifutwe. Kwa hiyo mwanafunzi, hasa binti, ajue kwamba ana haki ya kusema "usiniguse" na darasa likaendelea. Mwalimu mzuri huomba ruhusa kwanza, au huonyesha kwa mwili wake mwenyewe.

"Inatibu kila kitu"

Haitibu. Swami Kuvalayananda alifungua kituo Lonavla, India, mwaka 1924 ili kuipima yoga kwa vifaa vya maabara, na kazi hiyo inaendelea sehemu nyingi. Kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu ushahidi ni mzuri kiasi kwamba madaktari wa Marekani waliitaja yoga kwenye mwongozo wao wa mwaka 2017. Kwa kisukari na presha inasaidia pamoja na dawa, si badala ya dawa. Na kusimama kwa kichwa si kwa mtu mwenye presha ya juu isiyodhibitiwa, wala mwenye presha ya macho, maana mkao huo huongeza mgandamizo ndani ya jicho.

"Ana cheti, basi ni mwalimu"

Cheti cha kawaida duniani ni cha saa 200, kipimo kilichoanzia Marekani. Mtu anaweza kukipata kwa mwezi mmoja wa likizo, na wapo waliokipata hivyo wakawa wazuri. Lakini Lamu tuna desturi ya kuuliza mwalimu wa madrasa amesoma kwa nani na kwa muda gani, na sioni kwa nini tusimuulize hivyo mwalimu wa yoga. Kisha mwambie una goti bovu, uone anafanya nini. Akikwambia ufuate wenzako tu, tafuta mwingine. Akikuletea kiti, kaa.