Maji Yale Yale, Miili Tofauti: Jinsi Jeni Zinavyoamua Hatima ya Aseniki

Kikombe cha mkojo kikiletwa maabara kupimwa aseniki, elementi yenye sumu, swali langu la kwanza huwa ni moja: mwenyewe amekula nini siku tatu zilizopita? Kama ni pweza, kamba au samaki wa baharini, namwomba arudi baadaye, kwa sababu vyakula hivyo vina aseniki ya aina yake, ambayo kwa sehemu kubwa haina madhara, lakini huvuruga hesabu ya ile ninayoitafuta, yaani aseniki ya maji ya kisima.

Hiyo ya kisima hushughulikiwa zaidi na ini, ambako kimeng'enya kiitwacho AS3MT huipachika kundi moja la methili (kaboni moja yenye hidrojeni tatu), na kupata MMA, kisha la pili, na kupata DMA, ambayo figo huitoa kwa urahisi. Wengi hudhani kila hatua hupunguza sumu. Sivyo. Aina moja ya MMA, iitwayo ya valensi tatu, ni kali kuliko aseniki yenyewe iliyoingia, kwa hiyo mwili unaoanza kazi na kuiachia njiani hujiongezea hatari. Kwa kawaida DMA huwa asilimia 60 hadi 80 ya aseniki iliyomo katika mkojo, na MMA asilimia 10 hadi 20. Wenye MMA nyingi ndio wanaoonekana kupata zaidi saratani za ngozi na kibofu.

Jeni ya kimeng'enya hicho, iliyoko kwenye kromosomu ya 10, ina maumbo tofauti miongoni mwa watu. Huko San Antonio de los Cobres, mji wa milima ya Andes nchini Argentina, maji ya kunywa yalikuwa na takriban mikrogramu 200 za aseniki kwa lita, mara 20 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO), ilhali mikojo ya wanawake wa huko ilikuwa na MMA kidogo mno. Mwaka 2015 Karin Broberg na wenzake wa Sweden walionyesha kuwa umbo la jeni linalomaliza kazi vizuri limeenea huko kwa uteuzi wa asili. Nywele za maiti za kale za eneo hilo la Andes zina aseniki, kwa hiyo muda wa kuteuliwa ulikuwepo, maelfu ya miaka.

Hiyo si kinga kamili, wala jeni haifanyi kazi peke yake: makundi ya methili hutegemea pia foleti, aina ya vitamini B, na nchini Bangladesh watu wenye upungufu wa foleti waliopewa vidonge vya asidi ya foliki walipungukiwa aseniki katika damu.