Chuo kikuu cha Kanisa si karakana ya kunyooshea watoto

Wiki iliyopita alikuja barazani kwangu, hapa Nianjema, Bagamoyo, baba mmoja wa Magomeni. Kijana wake kasimama nyuma, macho kwenye simu. "Mwalimu, huyu matokeo yake si haba, ila mkaidi. Nitafutie chuo cha mapadre wakamnyooshe." Nikamuuliza kijana anataka kusoma nini. Baba akamjibia: "Chochote. Geti wanafunga saa ngapi?"

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke, swali la geti nimelisikia mpaka basi. Nimefundisha maadili ya taaluma kwa walimu na wahasibu watarajiwa, katika chuo kikuu cha Kikatoliki, miaka 13, kwa hiyo mniwie radhi nikipandisha sauti kidogo kuzijibu dhana zenu, moja baada ya nyingine.

Dhana: maadili ya chuo cha Kikatoliki ni geti, sketi ndefu na misa ya asubuhi.

Kanuni za mavazi zipo na saa za hosteli zipo. Hizo ni taratibu za bweni. Hata vyuo vya serikali vinazo. Hati ambayo Papa Yohane Paulo II aliviandikia vyuo vikuu vya Kikatoliki duniani kote tarehe 15 Agosti 1990, Ex corde Ecclesiae, yaani "kutoka moyoni mwa Kanisa", haina neno sketi hata mara moja. Inadai mambo manne: jumuiya nzima ya chuo iongozwe na roho ya Kikristo, elimu itafakariwe kwa mwanga wa imani, chuo kiwe kiaminifu kwa mafundisho ya Kanisa, na kijitoe kuwatumikia watu. Kisha inasema jambo ambalo wazazi hawalisikii: upande wa maadili wa kila fani ufundishwe ndani ya fani yenyewe. Mwalimu wa ukaguzi wa hesabu hana ruhusa ya kusema "hayo waulizeni akina padre". Akifundisha stakabadhi, afundishe na stakabadhi ya uongo inavyopikwa, na nani anakosa dawa zahanati kwa sababu yake.

Niwape mfano. Nilikuwa na mwanafunzi wa ualimu, kijana wa tai kila siku, mpiga kinanda kanisani, hajawahi kuchelewa getini. Mzazi angemwona angesema huyu kanyooka. Akarudi kutoka fildi, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, na kitabu cha kumbukumbu kimejaa vizuri: kila siku somo lake, kila siku sahihi ya mwalimu msimamizi. Nikakipeleka dirishani. Wino mmoja, mkono mmoja, mlalo mmoja kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kana kwamba kaandika alasiri moja. Nikafika tarehe 7 Julai: vipindi viwili vya Jiografia, kidato cha pili. Sabasaba! Nchi nzima iko mapumziko, yeye anafundisha mito.

Sikumpeleka kanisani. Nilimrudisha fildi, wiki zote, upya. Wakubwa wangu wawili walinishauri nimwachie "maana ni kijana mzuri, wa kwaya", na hapo ndipo nilipoona kwamba dhana hii haiko kwa wazazi tu, iko hata ofisini kwetu. Tunahesabu magoti yaliyopigwa, hatusomi vitabu vya fildi. Mwenzake mmoja, aliyekuwa anaonywa kwa nywele kila muhula, aliniletea kitabu chenye madoa ya chai na siku tatu ameandika "sikwenda, nilikuwa na homa". Huyo alipata alama A kwangu.

Na jambo jingine, baba yangu wa Magomeni: mtu anaingia chuo kikuu akiwa mtu mzima. Kama miaka 19 hajanyooka nyumbani, mlezi wa wanafunzi mwenye vijana mamia atamnyooshea wapi?

Dhana: mtoto wa Kiislamu atabatizwa.

Mjini kwetu hii nasikia kila msimu, na naielewa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa Bagamoyo mwaka 1868, na watoto waliokombolewa utumwani walilelewa Kikristo, wazee hawakuota. Lakini sheria ya Kanisa ya leo, ile ya 1983, kanuni ya 748, inakataza mtu yeyote kulazimishwa kuipokea imani ya Kikatoliki kinyume cha dhamiri yake, na hati ya 1990 inataka uhuru wa dhamiri wa kila mtu chuoni uheshimiwe kikamilifu. Mtu mzima habatizwi asipoomba mwenyewe, na akiomba anawekwa kwenye mafundisho kwanza. Mama Zuhura, binti yako ataona msalaba ukutani, na huenda atasoma somo la maadili la lazima. Swala tano ni zake.

Dhana: wanasoma dini tu. Bugando, chuo cha Kikatoliki cha Mwanza, wanasomesha madaktari. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilipoanzishwa mwaka 1998, kilitokana na chuo cha Nyegezi cha mafunzo ya jamii. Tuendelee.

Dhana: sayansi wanaiogopa. Aliyependekeza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, wazo lililozaa nadharia ya mlipuko mkuu, ni Georges Lemaître, padre, profesa wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, Ubelgiji.

Dhana: Roma inalipa, kwa nini ada? Roma haitumi mshahara wa mhadhiri. Chuo ni mali ya maaskofu, jimbo au shirika, nao wanategemea sana ada. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya serikali mwanafunzi anaomba kama wenzake wa vyuo vya serikali.

Mkienda kukagua chuo, mwacheni mlinzi wa getini apumzike. Nendeni maktaba Jumanne saa kumi jioni, mhesabu viti vyenye watu. Kisha mwombeni mwanafunzi yeyote awaonyeshe kazi yake iliyosahihishwa, mwone kama mwalimu ameandika kitu pembeni au ameweka tiki tu. Na dirisha la maombi ya vyuo likifunguliwa, kwangu aje kijana mwenyewe. Baba asubiri kwenye mkeka, kahawa ipo.