CEA: namba ya pili ndiyo yenye habari

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, mikunjo imeshaanza kuchanika. Mama aliyeileta aliitandaza mezani kwangu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja wa majibu ya damu: CEA 40, na mshale unaoelekea juu.

"Daktari, mwanangu kaniangalizia kwenye simu. Wanasema ikipanda hivi mtu hafiki mbali. Niambie ukweli, nina muda gani?"

Alikuwa amegundulika na saratani ya utumbo mpana, na upasuaji ulipangwa wiki iliyofuata. Nikamjibu, "Mama, hii ni nusu ya habari. Nusu nyingine bado hatujaipima."

Mimi ni daktari wa maabara. Wagonjwa wengi sikutani nao. Ninaiona damu yao tu kwenye vichupa. Wanaofika mlangoni kwangu na karatasi huwa na swali hilohilo, na mara nyingi hofu yao imetokana na namba sahihi iliyosomwa vibaya.

CEA ni protini inayopimwa kwenye damu, na saratani nyingi za utumbo mpana huitoa kwa wingi. Phil Gold na Samuel Freedman waliieleza mwaka 1965 huko Montreal, Kanada, baada ya kuikuta kwenye saratani za utumbo mpana na kwenye utumbo wa mtoto aliye bado tumboni. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba mtu mzima mwenye afya hana kabisa. Baadaye vipimo vilipoboreka ikaonekana sote tunayo kidogo, kwa kawaida chini ya nanogramu 5 kwa mililita moja ya damu. Mvuta sigara huwa nayo zaidi kidogo kuliko asiyevuta. Na kwa kuwa ini ndilo linaloiondoa kwenye damu, ini likisinyaa au nyongo ikiziba, CEA hupanda hata kama hakuna saratani popote.

Ndiyo maana huwa nasikitika kuiona kwenye vifurushi vya "kupima mwili mzima" vinavyouzwa kwa watu wasio na dalili yoyote. Saratani changa nyingi za utumbo haziipandishi, kwa hiyo mwenye ugonjwa anaondoka na amani ya uongo. Na mvuta sigara mwenye 6 anaanza kuuza shamba atafute matibabu. Anayetaka kujua kama ana saratani ya utumbo, choo chake kipimwe kama kina damu isiyoonekana kwa macho, au aingiziwe kamera na kipande cha nyama kichukuliwe. CEA kazi yake inaanza baada ya hapo, ugonjwa ukishathibitishwa, na kazi hiyo ni kutuonyesha unakoelekea.

Sasa turudi kwenye 40 ya yule mama. Kiwango kikiwa juu kabla ya upasuaji, kwa wastani ugonjwa huwa mzito kuliko kikiwa cha kawaida. Hilo ni kweli, na ndilo mwanawe alilolisoma. Lakini uvimbe ukiondolewa wote, kiwanda kimefungwa, na kilichobaki kwenye damu kinapungua kwa nusu kila baada ya siku 3 hadi 7 hivi. Tuchukue mwendo wa polepole, siku 7. Wiki ya kwanza 40 inakuwa 20. Ya pili 10. Ya tatu 5. Ya nne 2.5. Kwa hesabu hiyo, mwezi mmoja hadi mwezi na nusu baada ya upasuaji tunatarajia namba iwe imeshuka chini ya 5. Isiposhuka, tunajiuliza kama kuna kiwanda kingine ambacho kisu hakikukifikia, hasa kwenye ini.

Mwaka 2018 madaktari wa New York walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,027 wa saratani ya utumbo mpana ya hatua ya 1 hadi ya 3, yaani ambayo haijasambaa kwenye viungo vya mbali, waliofanyiwa upasuaji. Waliokuwa na CEA ya kawaida tangu mwanzo, asilimia 89.7 walifikisha miaka mitatu bila ugonjwa kurudi. Waliokuwa juu kabla ya upasuaji, kisha wakashuka: asilimia 87.9. Wamekaribiana mno. Waliobaki juu hata baada ya upasuaji: asilimia 74.5. Yaani aliyeanza na namba ya kutisha kisha ikashuka, njia yake inafanana sana na ya yule ambaye haikupanda kamwe. Laiti ningeweza kuibandika sentensi hiyo kwenye kila karatasi ya majibu yenye mshale.

Namba ya kwanza haina budi kuwepo hata hivyo, kwa sababu bila hiyo ya pili haina cha kulinganishwa nacho. Nimepokea damu nyingi za watu waliokwisha pasuliwa, fomu haina kipimo cha awali, na jibu linatoka 3. Je, imeshuka kutoka 60, au uvimbe wake ni wa aina isiyotoa CEA, kwa hiyo haitatuonya ukirudi? Siwezi kusema. Kichupa kimoja cha damu kabla ya kuingia chumba cha upasuaji kingetosha.

Kuna mambo yanayoharibu ulinganisho. Mashine za kampuni tofauti hazitoi namba moja kwa damu ileile, kwa hiyo ukianza na maabara moja, endelea nayo. Dawa za saratani za dripu nazo zinaweza kuipandisha kwa muda katika wiki za mwanzo, hata pale zinapofanya kazi vizuri. Na zile vitamini za nywele na kucha: nyingi zina bayotini kwa wingi, na kwenye baadhi ya mashine bayotini inaweza kuishusha namba kwa uongo. Ukienda kupima, taja kila unachomeza, hata kama hukukinunua famasi.

Baada ya hapo kipimo hurudiwa kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka miwili, kisha kila miezi 6 mpaka mwaka wa tano. Ikipanda, tunarudia kwanza. Ikipanda tena, CT, yaani picha za ndani ya mwili. Uchambuzi wa mwaka 2015 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya tafiti nyingi, ulionyesha kwamba kwa mpaka wa 5, CEA hunasa saratani kama 71 kati ya 100 zilizorudi, na watu kama 12 kati ya 100 ambao haikurudi nao hushtuliwa bure. CEA haiwezi kuachiwa lindo peke yake.

Kwa saratani ya kongosho na ya njia ya nyongo tunatumia alama nyingine ya damu, CA 19-9, mpaka wake 37. Wako watu ambao mwili wao hauwezi kabisa kuitengeneza, kwa sababu ya kundi la damu la Lewis walilorithi, na miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika ni wengi kuliko Ulaya. Mmoja wao anaweza kuwa na saratani kubwa ya kongosho na jibu likasoma karibu na sifuri. Kinyume chake, mwenye manjano kwa sababu ya jiwe tu kwenye njia ya nyongo anaweza kusoma mamia. Afunguliwe njia kwanza, ndipo apimwe tena. Saratani ya umio, inayotusumbua sana ukanda huu wa Afrika Mashariki, bado haina alama ya damu ninayoweza kuitegemea hivyo. Huko naiamini kamera na picha.

Yule mama alirudi wiki ya nne baada ya upasuaji. Namba ikasoma 6.8. Haikufuata hesabu niliyomwandikia nyuma ya karatasi, naye aliliona hilo kabla yangu. Tulisubiri wiki nne nyingine, siku ambazo najua hakulala vizuri. Tuliporudia, ilisoma 2.9.

"Sasa hii ndiyo nusu nyingine?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

Akaikunja ile karatasi mara nne kama kawaida yake, akaniomba nimwandikie tarehe ya kipimo kinachofuata kwa herufi kubwa, maana miwani kaisahau nyumbani.