Unachokiona Kwenye Kioo Hutegemea Ulipo

Kioo cha bafuni kinapotanda mvuke, simama mbele yake, fumba jicho moja, kisha chora kwa kidole mstari unaofuata ukingo wa uso wako unavyoonekana humo. Upime mchoro huo kwa rula. Wengi tunaowaomba wafanye jaribio hili hutarajia umbo lenye ukubwa wa uso wenyewe, lakini mchoro hutoka nusu tu ya upana na nusu ya urefu wake, na hata ukirudi nyuma hatua kadhaa ukachora upya, kipimo hakibadiliki. Sababu ni kwamba taswira katika kioo bapa huonekana nyuma ya kioo kwa umbali uleule uliosimama wewe mbele yake, hivyo kioo huwa katikati kabisa ya jicho na taswira. Ndiyo maana kioo chenye nusu ya kimo chako, kikitundikwa wima mahali panapofaa, kinatosha kukuonyesha kuanzia utosini hadi unyayoni, na asiyeiona miguu yake humo hatasaidiwa na kurudi nyuma.

Taswira, basi, haikai juu ya kioo kama picha iliyobandikwa. Kinachoonekana hutegemea mahali jicho lilipo, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mtu alijue kuhusu vioo, kwa sababu hata macho makini hulisahau. Katika mchoro wa Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi wa kale, uliochorwa na Diego Velázquez kati ya 1647 na 1651, ambao sasa uko National Gallery, London, mwanamke amelala akitupa mgongo huku uso wake ukionekana kwenye kioo kilichoshikwa na mwanawe, Cupid. Watazamaji wengi husema anajitazama. Haiwezekani, kwa kuwa mwanga hupita njia ileile kwenda na kurudi: sisi tukiuona uso wake kwenye kioo, yeye akikitazama hutuona sisi. Jan van Eyck alilielewa hilo vizuri mwaka 1434, alipochora kioo kilichobinuka nyuma ya mume na mke, na ndani yake akaweka watu wawili wanaoingia mlangoni, yaani mahali hasa anaposimama mtazamaji.

Wanasayansi nao huitegemea kanuni hiyo. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha mwezini kifaa chenye prizimu zinazorudisha mwanga kule ulikotoka, na kwa kupima muda ambao mwale wa leza hutumia kwenda na kurudi, tumejua kwamba mwezi hujitenga nasi kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka.

Lakini matumizi ninayoyajali zaidi yako barabarani. Kioo cha pembeni cha gari mara nyingi hubinuliwa kidogo ili kionyeshe eneo pana zaidi, na matokeo yake ni kwamba gari linalokuja nyuma huonekana dogo, hivyo dereva hulidhani liko mbali kuliko lilivyo. Kwa anayeendesha baiskeli au kutembea kando ya lori, kipimo ni kilekile cha Venus: usipouona uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hawezi kukuona kupitia kioo hicho, hata kama wewe unaliona lori zima. Ukiuona, bado hujapata uhakika kwamba amekutazama. Umejua tu kwamba anaweza.